Weynshet, mpiga picha anayengoja nyuso zinyamaze

Addis Ababa. Saa tatu asubuhi, ukungu wa milima ya Entoto haujamaliza kuteremka, na mwanga unaoingia dirishani kwenye studio ya Gashe Mesele ni mweupe kama pamba ambayo haijasokotwa. Kwenye stuli ameketi msichana mwenye shingo ndefu na sweta la kijani. Picha yake ya pasipoti imeshapigwa. Ameshainuka nusu, mkoba mkononi, mpiga picha anapomwonyesha kiganja: kaa kidogo.

Msichana anakaa. Kwanza anatabasamu kwa aibu. Anarekebisha kola, anatazama mlango, anatazama kamera, anatazama mlango tena. Nje watu waliopanga foleni wanakohoa kwa makusudi.

Weynshet Abate amesimama nyuma ya kamera, mikono kifuani, anamtazama msichana jinsi mama anavyomtazama mtoto anayeelekea kulala. Polepole tabasamu linachoka, linaondoka lenyewe. Mabega yanashuka. Uso unabaki pale peke yake, kama nyumba ambayo wageni wameshaaga.

"Hapo," anasema Weynshet, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Umefika. Asante, mdogo wangu."

"Nimefika wapi, dada?"

Weynshet hajibu. Ameinamia kamera, na asipouona mdomo wa mtu hajui kama ameulizwa. Masikio yake hayajasikia kitu tangu alipokuwa na miaka ishirini na minne.

Leo ana arobaini na moja. Wakazi wa Shiro Meda, mtaa wa studio hii, wanamjua kama mwanamke wa pasipoti, yule ambaye ukitaka kuzungumza naye sharti umguse bega kwanza. Wachache wanajua kwamba filamu zake fupi, nyuso tupu zisizosema neno, zimewahi kuning'inizwa kwenye nyumba ya sanaa upande wa Kebena, na kwamba watu walisimama mbele yake mpaka kahawa waliyoandaliwa ikapoa.

Alianza na harusi. Akiwa msichana alibeba kamera ya video kwa kampuni moja ya mjini, akawarekodi maharusi wakishuka kwenye magari, mashangazi wakicheza ngoma ya mabega, wapishi wakijificha nyuma ya masufuria. Usiku wa kuamkia kazi, anasema, alikuwa halali kwa furaha. Kisha homa ya uti wa mgongo ikamlaza hospitali. Alipoamka, muuguzi alikuwa akifungua na kufumba mdomo kama samaki.

"Nilifikiri ananitania," anasema Weynshet. "Nikamwambia, dada, mimi ni mgonjwa, acha mchezo."

Kampuni ilimpokea tena kwa wiki chache. Lakini mwenye kazi hakuzungusha maneno. Alimwambia taratibu, akiifungua midomo vizuri ili asome: "Harusi ni muziki, Weyni. Utajuaje ngoma imebadilika?" Weynshet alirudisha kamera, akakaa nyumbani kwa dada yake mwaka mzima akikunja nguo za watoto.

Aliyemtoa pale ni Gashe Mesele, mzee mwenye studio ambaye wote humwita Gashe kwa heshima, na ambaye alikuwa akipiga soga na mume wa dada huyo. Alihitaji mtu wa kupiga picha za pasipoti, na alisema mtu asiyesikia ndiye anayemfaa, kwa kuwa hatasikia matusi ya wateja. Mshahara wa sasa ni birr elfu sita kwa mwezi. Nusu yake humezwa na kodi ya chumba.

Makosa ya mwanzo yalikuwa mengi, na mzee huyasimulia kila akipata msikilizaji. Weynshet mwenyewe hucheka mapema, kabla hadithi haijafika mwisho.

"Kwenye midomo, baba na mama ni neno moja," anaeleza. "Tazama. Baba. Mama. Umeona tofauti? Mteja aliniagiza nimkuzie picha ya baba yake ya matanga. Nikamkuzia ya mama yake, tena yuko hai, amekaa nje anamsubiri."

Filamu zilianza kwa umeme kukatika. Muuza tiketi za bahati nasibu alikuwa ameketi kwenye stuli, taa zikazimika, akatulia akidhani kazi bado. Kamera ilikuwa na betri yake, na Weynshet alikuwa ameiacha kwenye video kwa bahati mbaya. Wakakaa hivyo, wawili, kwenye mwanga wa dirisha.

"Mtu akiongea, mimi naishi mdomoni mwake," anasema. "Nikiinua macho kidogo tu, nimepoteza sentensi. Miaka saba nilikuwa natazama meno ya watu. Siku ile yule muuza tiketi hakuongea, basi nikapata nafasi ya kupanda juu. Nikaona paji la uso. Nikaona macho. Nikasema, kumbe watu bado wana macho."

Jioni aliitazama video ile kwenye kompyuta ya studio, akaipunguza mwendo. Kope za muuza tiketi zilifumba na kufumbuka kama mtu anayefungua madirisha ya nyumba kubwa, moja baada ya jingine. Hakuongeza kitu wala kukata kitu. Kesho yake akamwomba mteja mwingine akae kidogo. Na mwingine.

Gashe Mesele alinuna. "Watu wanalipia picha moja, wewe unawapa elfu za bure," alimwambia. "Weyni, tazama nje, foleni kama ya sukari."

"Waambie mashine inapoa moto."

"Mashine gani?"

"Mimi."

Mzee aliacha. Siku hizi yeye mwenyewe huwatuliza wateja mlangoni: subirini, mwenzenu anapumzishwa uso.

Wengi wanaokaa kwenye stuli ile ni wasichana wanaokwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Wanakuja wamesukwa upya, wamevaa sweta za kuazima, na karibu wote wanataka waonekane wakubwa kuliko walivyo. Weynshet huwasubiri mpaka wachoke kuwa wakubwa. Baadhi ya nyuso amezirekodi dirisha likifungwa kidogo kidogo, mpaka kinabaki kidevu tu na mstari wa shavu. Nyingine ameziweka mbili mbili, moja ikipita ndani ya nyingine, hata usijue ni nani anayepumua.

Mmoja wao aliitwa Fantaye.

Mama yake, Zenebech, ambaye majirani humwita Etiye kwa heshima, anasokota pamba kwa mkono na kuwauzia uzi wafumaji wa Shiro Meda. Binti aliondoka baada ya Timkat, sikukuu ya ubatizo wa Yesu mwezi Januari. Miezi ya kwanza alipiga simu kwa jirani kila Jumapili. Kisha Jumapili moja ikapita kimya, na nyingine, na jirani akaanza kukwepa kukutana na Etiye Zenebech kwenye kichochoro.

Mvua kubwa zilipoanza, mama huyo aliingia studioni amejitanda netela, lile shuka jeupe jembamba la wanawake wa huku, likiwa limemgandia mabegani kwa maji.

"Ni wewe usiyesikia?" aliuliza.

"Ni mimi, mama."

"Binti yangu alisema ulimkalisha hapa bila kumwambia neno. Tulicheka siku nzima. Alisema, mama, leo nimetazamwa mpaka nikajihisi nimeoga." Alifungua kiganja. Ndani yake palikuwa na picha ndogo ya pasipoti, uso umevimba na kuchujuka. "Nilikuwa naibeba hapa kifuani. Imelowa. Nitolee nyingine."

Weynshet alimwambia ana kitu zaidi ya picha. Akawasha kompyuta, akamtafutia video ya Fantaye, akaiachia icheze.

Etiye Zenebech hakulia, kwa mujibu wa Weynshet na Gashe Mesele, waliokuwepo. Alisogeza kiti mpaka pua ikakaribia kioo. "Anapumua," alisema. Baada ya muda akasema tena: "Mwambie ageuke kidogo nione nywele."

"Hawezi, mama. Ilishapita."

"Najua. Nimesema tu."

Tangu hapo alikuja kila Ijumaa akitoka kwa wafumaji. Gashe Mesele, ambaye hulalamika hata nzi akikalia stuli bila kulipa, alimtafutia kiti chenye mto na kumwagizia kahawa mlango wa pili. Wateja wapya walimkuta mama huyo kwenye kona, ameinamia kioo, akiongea chinichini na uso usiojibu. Alimwambia habari za majirani. Alimwambia bei ya pamba.

Wakati huo ndipo alipofika Naod, msimamizi wa nyumba ya sanaa ya Kebena. Alikuja kwa pasipoti yake tu. Akakalishwa.

"Nilipoonyeshwa kiganja nilikasirika kidogo, nilikuwa na haraka," anasema Naod. "Baadaye sikuwa na haraka tena. Nilijua niko ndani ya kazi ya mtu."

Aliomba kuona nyingine, akazitazama mpaka studio ikafungwa. Alirudi siku ya pili, na ya tatu. Akapendekeza maonyesho, na bila kuchelewa akapeleka nyuso chache kwa tamasha la filamu fupi la mji mmoja wa Ulaya. Jibu lilikuja haraka. Walitaka uso wa Fantaye, ukiwa peke yake ukutani, na walitaka Weynshet asafiri nao. Tiketi, chumba, kila kitu kingelipwa.

Weynshet alikuwa hajawahi kupanda ndege. Anasema aliizunguka studio mara kadhaa akigusa vitu. Kisha akachukua mwavuli, akapanda kilima kwenda kuomba ruhusa.

Alimkuta Etiye Zenebech ameketi kizingitini, kijiti cha kusokotea kikizunguka gotini. Alimweleza yote. Mama hakusimamisha kijiti.

"Hapana," alisema.

"Mama, watu watamwona. Huenda..."

"Wanaotundikwa ukutani bila kujulikana walipo ni wale wa matanga. Binti yangu hana matanga."

"Sikusema hivyo, mama."

"Wewe hukusema. Ukuta utasema."

Ijumaa iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine. Kiti chenye mto kilikaa kitupu kwenye kona, na Gashe Mesele akawakataza wateja kukikalia.

Weynshet alimwandikia Naod auondoe uso wa Fantaye kila mahali. Naod alikuja mwenyewe studioni. Alikaa mbele yake ili midomo ionekane vizuri, akamsihi. "Huyo ndiye moyo wa kazi yote, Weynshet."

"Basi kazi haina moyo. Iondoe."

Tamasha lilijibu kwa adabu kwamba, kama ni hivyo, nafasi ingeenda kwa msanii mwingine.

"Nililia," anasema Weynshet. "Sitakuambia kwamba sikulia. Nililia hapa hapa, na sijui nililia kwa sauti gani, maana Gashe alikuja akinionyesha mkono: punguza, punguza, watu barabarani wamesimama."

Maonyesho ya Kebena yalifanyika hata hivyo, mchana, baada ya Timkat iliyofuata. Madirisha ya ile nyumba ya zamani yalizibwa kwa mablanketi. Badala ya skrini walitundika darini mashuka meupe ya Shiro Meda, mepesi kiasi kwamba uso uliotupwa upande mmoja ulionekana na upande wa pili pia. Mtu akipita, shuka lilitikisika, na uso ukavuta pumzi kubwa kuliko ule wenyewe ulivyovuta. Hapakuwa na sauti yoyote, isipokuwa viatu kwenye mbao.

Mwandishi wa makala haya alikuwepo siku ya pili, na aliona watu wakiingia wakiongea na kunyamaza mlangoni kama walioshikwa mikono. Wasichana wa pasipoti waliwatazama kutoka juu, wakubwa kama milango, wakifumba macho na kuyafumbua.

Siku hiyo alikuja pia Etiye Zenebech. Weynshet alikuwa amemtumia salamu kupitia jirani: uso wa Fantaye haupo, njoo uone mwenyewe. Alizunguka chumba chote akihakikisha. Kisha akasimama kando ya mwanamke mmoja aliyekuwa ameshika ncha ya shuka kama anayeshika sketi ya mtoto.

"Huyu ni wako?" Etiye Zenebech alimuuliza.

"Wangu wa pili. Yuko Beirut. Na wako yupi?"

"Hayupo hapa. Nilikataa."

Yule mwanamke alimgeukia. "Ulimnyimia nini? Wenzake wote wapo."

Etiye Zenebech aliketi kwenye benchi mpaka mlinzi akaanza kukusanya vikombe. Alipoinuka alimgusa Weynshet bega.

"Mweke na wangu pia," alisema. "Asikae peke yake kwenye kile kisanduku chenu cha studioni."

Fantaye akawekwa, shuka la mwisho karibu na dirisha. Na siku chache kabla maonyesho hayajafungwa, aliingia mwanamke kijana aitwaye Zemzem, ambaye hakuja kwa ajili ya sanaa. Alikuwa akimsubiri rafiki yake, jua lilikuwa kali, mlango ulikuwa wazi. Alipita katikati ya nyuso akipepea kwa kitambaa. Kwenye shuka la mwisho akasimama.

"Huyu tumelala naye chumba kimoja," alimwambia Naod. "Ni Fantaye. Mbona mmemtundika?"

Walikuwa pamoja kwenye nyumba ya hifadhi kule Uarabuni, Zemzem alieleza, wasichana waliotoroka matajiri wao wakingoja karatasi za kurudi. Fantaye alinyang'anywa simu mwezi wake wa tatu kule. Mkono wake wa kushoto uliungua. Namba ya jirani aliipoteza pamoja na simu, na kila akijaribu kuikumbuka alikosea tarakimu. "Lakini alikuwa mzima nilipoondoka," alisema Zemzem, "na ndiye aliyekuwa akituchekesha."

Naod alikimbia barabarani kutafuta teksi, ndipo akakumbuka hajui nyumba ya Etiye Zenebech iko wapi. Ilibidi apitie studioni. Weynshet alimwona mlangoni anahema, midomo ikienda mbio hata hakuambulia neno. Anasema hakuhitaji. Alifunika kamera, akavaa viatu.

Karatasi zake zilipotoka, Fantaye alirudi wakati wa mfungo wa Pasaka, kwa ndege iliyojaa wasichana kama yeye, na mifuko miwili ya plastiki. Mama yake alimpokea kwa mchuzi wa shiro na mkate wa injera wa moto, akamlisha kwa mkono wake, akampeleka studioni siku hiyo hiyo ili ajione.

Hapo mambo hayakwenda kama wote walivyotarajia.

Fantaye aliutazama uso wake wa zamani hadi mwisho, akasukuma kiti nyuma. "Huyu ananiogopesha," alisema. "Hajui kitu. Mzimeni."

Tena, Etiye Zenebech hakuacha kuja. Ijumaa alipita kama kawaida, akakaa kwenye mto wake, akaomba awashiwe. Alipoulizwa kwa nini, na mwenyewe yuko nyumbani, alijibu kwamba nyumbani binti amelala saa zote na amegeukia ukutani. Fantaye alipogundua, alimfuata hadi studioni.

"Mama anampenda yule," alimwambia Gashe Mesele mbele ya wateja. "Mimi nimerudi kama mgeni. Anamwambia habari za mtaa yeye, haniambii mimi."

"Wewe hujibu!" alisema mama.

"Na yeye anajibu?"

Weynshet alikuwa amezisoma pande zote mbili, akigeuza shingo huku na huku. Akavuta stuli katikati ya chumba. Akamwonyesha Fantaye kiganja.

Fantaye alikataa. Alirudi wiki mbili baadaye, peke yake, saa ya mchana ambapo wateja ni wachache, akakaa bila kuombwa. Weynshet aliwasha video, akajiandaa kungoja mabega yashuke.

Lakini Fantaye hakunyamaza. Aliinamisha kichwa, mkono wenye kovu akauweka mbele ya mdomo, akaanza kuongea. Aliongea polepole kwanza, kisha kwa haraka, kisha polepole tena. Weynshet hakuona midomo. Aliona vidole, paji la uso, na kifua kikipanda na kushuka. Alifikiria kumwomba aondoe mkono. Akaacha.

Gashe Mesele alikuwa nyuma ya pazia akikata picha kwa mkasi. Alisikia. Katikati ya maneno yale aliweka mkasi chini, akapita bila kuwatazama, akatoka nje. Alisimama barabarani kwenye manyunyu bila kofia mpaka Fantaye alipotoka, na binti alipompita alimwinamia, yeye mzee, akafunga mlango nyuma yake taratibu.

Ni filamu ya kwanza ya Weynshet yenye sauti, na yeye hajui inasema nini.

"Gashe angeniandikia," anasema. "Fantaye mwenyewe angenieleza, siku hizi tunakunywa kahawa pamoja. Sijamwomba yeyote. Aliuziba mdomo akijua mimi ni nani. Alichagua mtu wa kumwambia ambaye hatasikia. Sasa mimi niende nikachungulie?"

Fantaye, ambaye sasa anauza uzi wa mama yake na ameanza kujifunza kufuma, hataki kusimulia gazetini. Alisema jambo moja tu: "Nilitaka itoke. Sikutaka anayeipokea aanze kunihurumia hapo hapo."

Lakini anataka wengine waisikie. Hilo yeye ndiye aliyelileta, na ndilo linalomfanya Weynshet siku hizi azunguke studioni akihesabu hatua na kumsumbua Naod kwa ujumbe wa simu. Baada ya mvua, maua ya manjano ya mwaka mpya wa Kiethiopia, mwezi Septemba, yakishachanua, filamu ile itachezwa kwenye nyumba ya Kebena, kwa msikilizaji mmoja mmoja. Kila atakayeingia atakaa kwenye kiti, ataisikia sauti ya Fantaye tangu mwanzo hadi mwisho, na kamera ya Weynshet itakuwa mbele yake ikimchukua anavyosikiliza. Nyuso hizo ndizo zitakazokuwa kazi mpya.

Gashe Mesele ameshakataa kukaa. Anasema mara moja inamtosha. Naod amekubali, ingawa anaogopa.

Wa kwanza kukaa, kwa sharti la Fantaye, atakuwa mama yake. Bado hajaisikia. Etiye Zenebech alifikiri juu ya jambo hilo siku kadhaa, akasokota pamba nyingi kuliko kawaida, kisha Ijumaa iliyopita akapita studioni. Hakuomba kuwashiwa kompyuta. Alimgusa Weynshet bega na kumwambia atakuja, ila amwekee kiti chenye mahali pa kushika.

Weynshet ameshampata fundi seremala, na kiti kinatengenezwa kwa mkaratusi wa Entoto.

"Sitamuuliza amesikia nini," anasema. "Nitakuwa nimesimama pale pale mbele yake, mpaka amalize."